Wafalme wa Ufaransa na askari wao

Kila askari anakumbuka gwaride lake la kwanza la ukaguzi. Mkuu hupita safu kwa safu, akitazama kofia, vifungo, viatu na silaha, na moyo wa kuruta hudunda kuliko ngoma. Basi na tuanze makala haya kwa gwaride moja la kale, lililofanyika katika nchi ya Ufaransa yapata miaka 1,500 iliyopita, wakati nchi hiyo ilipokuwa bado ikiitwa Gaul.

Mfalme Clovis wa Wafranki alikuwa ameshinda vita huko Soissons mnamo mwaka 486. Katika ngawira palikuwa na chombo kikubwa cha kanisa, kizuri ajabu, na askofu mmoja akaomba arudishiwe. Kwa desturi ya Wafranki, ngawira iligawanywa kwa kura, na hata mfalme hakuwa na haki ya kuzidisha fungu lake. Clovis aliwaomba askari wampe chombo kile juu ya fungu lake. Wote walikubali isipokuwa mmoja, ambaye aliinua shoka lake na kukipiga, akisema kwamba mfalme atapata kile tu ambacho kura itampa. Clovis alinyamaza. Mwaka uliofuata aliita gwaride la ukaguzi. Alipofika mbele ya askari yule alimkemea kwamba silaha zake ni mbovu kuliko za wote, akamnyang'anya shoka na kulitupa chini. Askari alipoinama kuliokota, mfalme alimpasua kichwa kwa shoka lake mwenyewe, huku akimkumbusha chombo cha Soissons.

Kisa hiki kiliandikwa na Askofu Grégoire wa mji wa Tours, yapata miaka 100 baada ya siku hizo. Wengi hukisimulia kuwa funzo la nidhamu. Lakini askari yule, kwa sheria ya jeshi lake, alikuwa na haki. Na mfalme alilitumia gwaride kulipiza kisasi. Ama kwa hakika, swali lililozaliwa siku ile ndilo lililowafuata wafalme wa Ufaransa hadi yule wa mwisho: mkuu anamdai askari utii; je, askari naye anamdai mkuu nini?

MFALME MWENYE NCHI NDOGO

Nasaba ya Clovis ilififia, na mahali pake pakashikwa na nasaba iliyomtoa Charlemagne, aliyevikwa taji la ukaisari huko Roma mwaka 800. Himaya yake kubwa iligawanywa na wajukuu wake mwaka 843. Mwaka 987 makabaila walimchagua Hugues Capet awe mfalme, na wazao wake wa kiume walirithiana moja kwa moja hadi mwaka 1328, yaani kwa miaka 341.

Msomaji asidhani kuwa Hugues Capet aliitawala Ufaransa tuijuayo leo. Nchi aliyoishika kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa kipande cha ardhi kati ya Paris na Orléans. Watemi waliomzunguka waliapa kuwa watu wake, lakini baadhi yao walikuwa na mali na askari kumzidi. Mfalme alipotaka kupigana, aliwaita makabaila hao waje na watu wao. Desturi iliwalazimu kumtumikia siku 40 tu kwa mwaka. Siku hizo zikiisha, mtu alikuwa huru kufunga mizigo na kurudi kwake, hata kama ngome ya adui imekaribia kuanguka.

Aliyeanza kuibadili hali hiyo alikuwa Philippe Auguste, aliyetawala kuanzia mwaka 1180 hadi 1223. Huyu alikusanya kodi kwa utaratibu, akawalipa askari ujira ili wakae vitani hadi kazi iishe. Mwaka 1204 aliitwaa Normandy kutoka kwa mfalme wa Uingereza. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Julai 1214, alikutana na majeshi ya Kaisari Otto na washirika wake mahali paitwapo Bouvines. Katika vita hivyo askari wa miguu wa adui walimvuta mfalme kwa kulabu hadi akaanguka kutoka juu ya farasi wake. Waliomwokoa ni wapanda farasi wake waliomzunguka kwa miili yao wenyewe. Vikosi vya raia wa miji navyo vilikuwapo uwanjani siku ile. Ushindi wa Bouvines uliufanya ufalme wa Ufaransa uwe dola ya kuogopwa.

Mjukuu wake, Louis wa 9, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1297, anastahili kukumbukwa hasa na ndugu zetu wa polisi. Mwaka 1247 aliwatuma wachunguzi, wengi wao watawa, wakapite mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa mfalme mwenyewe. Mwaka 1254 alitoa amri kwamba kila ofisa wake aape kutenda haki kwa tajiri na maskini, asipokee zawadi kwa watu anaowasimamia, na asinunue ardhi katika eneo analotawala. Ofisa aliyemaliza zamu yake alitakiwa akae kwanza papo hapo kwa muda uliowekwa, ili mwenye madai naye ajitokeze.

Mfalme huyo huyo alishindwa vitani huko Misri na kutekwa pamoja na jeshi lake mwaka 1250. Alijikomboa kwa fedha nyingi. Hata hivyo, badala ya kupanda merikebu na kurudi kwao, alikaa nchi za mashariki miaka 4 mingine, na miongoni mwa yaliyomweka huko ni kuhangaikia askari wake waliobaki kifungoni. Alifariki kambini karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270, wakati maradhi yalipokuwa yakiwafyeka askari wake.

MBWA MWITU WA UFALME

Mwaka 1337 vilianza vita kati ya Ufaransa na Uingereza, ambavyo vilikwisha mwaka 1453, na wanahistoria huviita Vita vya Miaka Mia. Katika vita hivyo makabaila wa Ufaransa walijifunza kwa damu kwamba ujasiri usio na nidhamu ni sawa na kujiua.

Huko Crécy, tarehe 26 Agosti 1346, Mfalme Philippe wa 6 alitanguliza mbele mamluki wa Genoa, wapiga upinde wa mtambo. Walikuwa wamechoka kwa safari, na ngao zao kubwa zilikuwa zimeachwa nyuma kwenye mizigo. Mishale ya Waingereza ilipowanyeshea walirudi nyuma, na makabaila wa Ufaransa wakawakanyaga kwa farasi, wakiwaita wasaliti. Kisha makabaila hao hao walikimbilia mbele bila mpango, kundi kwa kundi, wakachinjwa. Miaka 10 baadaye, huko Poitiers, Mfalme Jean alitekwa, na Waingereza wakadai fidia ya vipande 3,000,000 vya dhahabu. Tarehe 25 Oktoba 1415, huko Azincourt, makosa yale yale yalirudiwa kana kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa ajili yake.

Lakini balaa kubwa kuliko kushindwa lilikuwa jingine. Kila mara mapigano yaliposimama, maelfu ya askari waliachishwa bila mshahara. Watu hao hawakujua kazi nyingine ila silaha. Waligeuka magenge, wakavamia vijiji, wakawateka wakulima na kuwatoza fidia, wakachoma ghala za nafaka. Wananchi waliwaita "wachunaji ngozi", kwa sababu hawakumwachia mtu hata shati. Mkulima wa Ufaransa wakati ule hakuona tofauti kati ya askari wa adui na askari wa mfalme wake. Askari akifikia kuogopwa na mama yake mzazi, nchi hiyo haina jeshi tena, ina mbwa mwitu.

Mfalme aliyelitatua jambo hili hakuwa shujaa wa kuimbwa. Charles wa 7 alikuwa mtu mwenye mashaka, aliyepoteza nusu ya nchi kabla ya kuvikwa taji. Binti wa mkulima, Jeanne d'Arc, ndiye aliyewatia moyo askari wake, akauokoa mji wa Orléans mwezi Mei 1429, na akampeleka mfalme kuvikwa taji huko Reims tarehe 17 Julai mwaka huo. Jeanne alipotekwa, alichomwa moto huko Rouen tarehe 30 Mei 1431, na mfalme hakufanya la maana kumwokoa. Hilo ni doa ambalo historia haijamfutia.

Hata hivyo, Charles alikuwa na sifa moja: alijifunza. Mwaka 1439 alipiga marufuku mtu yeyote kuunda kikosi pasipo idhini ya mfalme. Amri hiyo ilisema pia kwamba kapteni atawajibika kwa maovu ya watu wake. Akimficha mhalifu au akichelewa kumkamata, atahesabiwa kuwa yeye ndiye mtenda kosa. Haikuwa amri ya maneno matupu. Mwaka 1441 mmoja wa wakuu wa magenge, mtu wa damu ya nyumba kubwa ya Bourbon, alishonewa ndani ya gunia na kutoswa mtoni.

Mwaka 1445 ikaja hatua ya pili. Mfalme alichagua wale askari waliofaa, akawapanga katika vikosi 15. Kila kikosi kilikuwa na "mikuki" 100, na kila "mkuki" ulikuwa na watu 6: mpanda farasi mwenye deraya, msaidizi wake mwenye silaha, wapiga upinde wawili, na watumishi wawili. Walipewa makao katika miji, walikaguliwa, na walilipwa vita vikiwapo au visiwepo. Hilo ndilo jeshi la kwanza la kudumu la ufalme wa Ufaransa. Miaka 3 baadaye kila parokia ilitakiwa itoe mpiga upinde mmoja, naye akasamehewa kodi. Ndugu wawili wa jina la Bureau waliunda mizinga ya mfalme, na tarehe 17 Julai 1453, huko Castillon, mizinga hiyo ilimaliza vita. Wachunaji ngozi walitoweka mashambani, na wananchi, japo walinung'unikia kodi, waliweza kulima.

JUA NA KIVULI CHAKE

Tuwapite haraka wafalme kadhaa. François wa kwanza alishinda huko Marignan mwaka 1515, akatekwa huko Pavia mwaka 1525. Baadaye Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa waliuana kwa zaidi ya miaka 30. Henri wa 4 aliyapatanisha madhehebu hayo kwa Hati ya Nantes mwaka 1598, na aliuawa kwa kisu barabarani mjini Paris tarehe 14 Mei 1610.

Hapo tunamfikia Louis wa 14, aliyeitwa Mfalme Jua. Alirithi kiti mwaka 1643 akiwa mtoto wa miaka 4, na alikikalia kwa miaka 72, hadi tarehe 1 Septemba 1715. Watu wengi wanajua fahari ya jumba lake la Versailles. Sisi watu wa sare tuna mengine ya kumtazamia.

Kwanza ni daftari la askari. Wakati ule kapteni alipokea fedha kwa kadiri ya idadi ya watu wake. Kapteni mwizi aliandika majina 100 akiwa na watu 60. Siku ya ukaguzi alikodi vibarua na watumishi, akawavika sare, wakasimama safuni. Jioni wakarudi kwao, naye akatia tumboni mshahara wa askari hewa. Waziri Louvois alipambana na wizi huo kwa wakaguzi na adhabu kali. Mmoja wa wakaguzi hao, Martinet, alikuwa mkali wa kwata kiasi kwamba Waingereza hadi leo hulitumia jina lake kumwita ofisa asiyesamehe kosa dogo.

Pili ni polisi. Mwaka 1667 mfalme aliunda cheo cha mkuu wa polisi wa Paris, akampa La Reynie, aliyekishika kwa miaka 30. Mkuu huyu aliwasha taa barabarani, akasafisha mitaa na kuzivunja ngome za wezi. Huko mashambani ulinzi ulikuwa mikononi mwa askari wa farasi walioitwa maréchaussée. Mwaka 1791 kikosi hicho kilipewa jina jipya, gendarmerie, na ndilo jina ambalo baadaye, kupitia kwa Wabelgiji, lilifika Zaire, Rwanda na Burundi.

Tatu ni majeruhi. Kabla ya hapo, askari aliyekatwa mguu alikuwa ombaomba mlangoni mwa kanisa. Mwaka 1670 Louis wa 14 aliamuru ijengwe mjini Paris nyumba kubwa, Invalides, ili askari waliozeeka na walioumia vitani wapate chakula, kitanda na matibabu. Wa kwanza waliingia mwaka 1674.

Kivuli cha Jua hilo kilikuwa kirefu. Mfalme alipenda vita kupita kiasi. Mwaka 1685 aliifuta Hati ya Nantes, na Waprotestanti wengi, wakiwamo mafundi na maofisa wazuri, wakaihama nchi. Majira ya baridi ya mwaka 1709 yaliua mazao, njaa ikaingia, na hazina ikakauka. Siku hizo mfalme aliyejiona kuwa karibu na Mungu aliandika barua kwa raia wake, akiwaeleza kwa nini amekataa masharti ya amani ya adui. Barua ilisomwa kote nchini. Mwezi Septemba, huko Malplaquet, jeshi lake lenye njaa lilirudi nyuma kwa utaratibu baada ya kumpotezea adui watu wengi kuliko wake. Askari aliyeelezwa sababu hupigana hata tumbo likiwa tupu.

LANGO LILILOFUNGWA

Louis wa 16 alianza kutawala mwaka 1774. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumwaga damu, lakini alirithi madeni na hakuwa na uamuzi. Katika enzi yake, mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Basi, fahari ya ufalme huo ilikuwa na deni hata pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Ndani ya jeshi, kosa kubwa lilitendwa mwaka 1781. Waziri wa vita, Ségur, alitoa amri kwamba kijana anayetaka kuwa ofisa sharti kwanza athibitishe vizazi vinne vya ukabaila upande wa baba yake, isipokuwa wachache. Tangu hapo sajini hodari, mwana wa fundi au mkulima, alijua kwamba hata akiokoa kikosi kizima atabaki sajini. Waliofungiwa lango hilo ndio waliokuja kuwa majenerali wa mapinduzi. Hoche, mtoto wa mtunza farasi, alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme mwaka 1789; miaka 4 baadaye alikuwa jenerali.

Kikosi hicho, Gardes françaises, kilikuwa na watu wapatao 3,600 na kambi zake zilikuwa Paris. Wengi walikuwa na wake na majirani mjini. Bei ya mkate ilipopanda, ilipanda katika nyumba zao pia. Mwezi Juni 1789 walianza kukataa kuwapiga raia. Asubuhi ya tarehe 14 Julai umati uliingia Invalides, nyumba ile ile ya Louis wa 14, na kuchukua bunduki zipatazo 30,000. Kisha ukaenda kwenye gereza la Bastille. Gereza hilo lililindwa na askari wazee 82 na Waswisi 32. Alasiri, walinzi wa mfalme walifika na mizinga, wakaielekeza kwenye lango la mfalme. Bastille ikaanguka, na watu wapatao 100 walikuwa wamekufa.

Yaliyobaki yalikuwa mteremko. Mwaka 1790, huko Nancy, askari walidai waonyeshwe hesabu za fedha za kikosi. Madai yao yaliishia katika damu na vitanzi. Mwezi Juni 1791 mfalme alijaribu kutoroka, akakamatwa Varennes, na baadhi ya askari wa farasi waliotakiwa kumsindikiza walikataa kuwafuata maofisa wao. Tarehe 10 Agosti 1792 umati wenye silaha ulishambulia jumba la mfalme. Waliosimama kumtetea walikuwa walinzi wa Kiswisi wapatao 900. Mfalme alikuwa ameshaondoka na familia yake. Katikati ya mapigano aliwaletea amri ya kusimamisha moto, na Waswisi wapatao 600 waliangamia. Walitii hadi mwisho, na waliachwa peke yao. Tarehe 21 Januari 1793 Louis alikatwa kichwa.

Wafalme walirejeshwa mwaka 1814, lakini hawakuwa wamejifunza vya kutosha. Mwezi Machi 1815 vikosi vilivyotumwa kumzuia Napoléon viliungana naye, na Louis wa 18 akakimbia usiku hadi Napoléon aliposhindwa Waterloo. Mwezi Julai 1830 askari wa Charles wa 10 waliachwa siku 3 katika joto la mitaa ya Paris bila chakula wala maji ya kutosha. Vikosi viwili vikaenda upande wa wananchi, na mfalme akaondoka. Mwezi Februari 1848 Walinzi wa Taifa walikataa kumtetea Louis-Philippe. Huyo ndiye mfalme wa mwisho.

Askari mwenzangu, haitoshi kusema kwamba wafalme hao waliangushwa na askari wakaidi. Nidhamu husimama kwa miguu miwili: utii wa aliye chini na haki ya aliye juu. Charles wa 7, mtu dhaifu, aliwalipa askari, akamwadhibu kapteni mhalifu, na ufalme ukasimama. Louis wa 16, mtu mpole, aliwafungia askari lango, na walinzi wake mwenyewe wakamgeuzia mizinga. Na askari naye ajue sehemu yake: wale wachunaji ngozi walikuwa na madai ya kweli ya mshahara, lakini walipolidai kwa kumnyang'anya mkulima walipoteza haki yao na jina lao.

Leo Ufaransa ni jamhuri. Versailles ni mahali pa watalii, na taji liko katika makumbusho. Lakini nyumba ya Invalides, zaidi ya miaka 350 tangu iamriwe, ingali ina vitanda vya askari walioumia wakiitumikia nchi yao. Katika kazi zote za wafalme, hiyo ndiyo ambayo hakuna mapinduzi yaliyothubutu kuifunga.